Mkanda wa Tarehe Tatu Mei

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne tarehe 19 Mei 1998, ngazi zilizoonekana kwenye picha zilikuwa saba.

Mkaguzi Msaidizi Esteri Kagoma alizihesabu kwa lenzi ya mkono kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Zilikuwa ngazi za zege za gati binafsi la mfanyabiashara Mudathiri kule Kigoma, na ya saba ilikuwa kavu. Mbele ya ngazi walikuwepo wanaume watano. Wanne walisimama. Wa tano, mwenye kofia ya unahodha, alikaa kwenye kiti cha mbao. Nyuma yao ilionekana Mv. Rehema, boti ya chuma ya Mudathiri iliyozama katika Ziwa Tanganyika usiku wa tarehe 3 Mei ikielekea Uvira.

Aligeuza picha. Nyuma kulikuwa na muhuri wa wino wa zambarau: STUDIO HILALI, KASULU. 3 MEI 1998.

"Umeridhika?" aliuliza Mrakibu Bazilio, mkuu wake wa kazi katika upelelezi wa Kasulu. Alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Nani ameileta?"

"Mudathiri mwenyewe, jana jioni. Aliyekaa ni Ndayiragije, yule Mrundi tuliyemkamata kambini Nduta. Picha za mabaharia wa ziwa lile unazijua. Kwenye kiti hakai mtu ila nahodha wa safari hiyo. Hata mwenye boti husimama."

"Najua."

"Na tarehe ni ile ile boti iliyoondoka. Basi. Funga jalada. Leo saa kumi alasiri lori linatoka kituo cha Kibondo kwenda mpakani, na yeye atakuwemo."

Esteri aliweka lenzi mezani. "Mahakamani anafikishwa lini?"

"Hafikishwi. Kuna barua. Anarudishwa kwao."

"Mtu anayedaiwa kuua watu thelathini na mmoja kwa uzembe hasomewi shtaka, anapandishwa lori?"

"Usinikodolee macho mimi. Sikuiandika."

"Aliyeiandika ni nani?"

Bazilio alisukuma nakala mezani. Ilikuwa na mistari mitatu. Haikuwa na namba ya kumbukumbu wala cheo cha mwandishi. Chini kulikuwa na sahihi isiyosomeka.

"Akivushwa hatafika nyumbani," Esteri alisema. "Alikimbia mwaka tisini na tatu jina lake likiwa kwenye orodha ya watu wa kuuawa. Ni ukurasa wa pili wa maelezo yake."

"Na wale waliozama wamefika nyumbani?"

"Afande, tarehe tano Mei mlinituma Kigoma kusaidia kupokea maiti. Nilisimama kwenye gati hili kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Ngazi zilizokuwa juu ya maji zilikuwa mbili. Hapa ni saba."

Bazilio aliweka kikombe chini, akachukua lenzi. Alihesabu kimya, midomo ikicheza.

"Maji ya ziwa hupanda na kushuka," alisema.

"Hayapandi ngazi tano kwa siku mbili. Yamepanda taratibu tangu mvua za Novemba. Picha hii ilipigwa kabla ya mvua."

"Na muhuri?"

"Ndiyo nakwenda kuuliza."

Bazilio alitazama saa ya ukutani. "Land Rover nakupa, na Koplo Moses wa kuiendesha. Ruhusa ya kulizuia lori sina. Kutoka hapa hadi Kibondo, kwa barabara ilivyo, ni mwendo wa saa tano. Hesabu mwenyewe."

Esteri alishahesabu. Alikuwa na hadi saa nne na nusu kutoka Kasulu, akiacha nusu saa ya kukwama njiani.

*

Studio ya Mzee Hilali ilikuwa chumba kimoja kando ya njia ya sokoni. Ukuta wa kushoto ulijaa boti na meli tangu sakafuni hadi darini, na mbele ya kila chombo, watu wake. Kwa miaka ishirini na sita Hilali alikuwa akishuka Kigoma kila mwanzo wa mwezi na kamera yake, akawapiga mabaharia kwenye magati, akarudi Kasulu kusafisha, akazipeleka picha kwenye vijiji walikotoka. Wapo wazee wa Kagerankanda ambao hawajawahi kuliona ziwa lakini huzitambua boti zote kwa majina, kwa sababu ya ukuta huu.

Hilali alikuwa nyuma ya kaunta. Alikuwa mtu wa miaka zaidi ya sitini, kucha zake zikiwa za kahawia kwa dawa ya kusafishia picha. Mkewe, Bi Siti, alikaa kwenye mkeka akipunguza kingo za picha kwa mkasi.

"Karibu, binti yangu. Pasipoti au picha kubwa?"

"Mwidiwe, mzee," alimsalimu kwa Kiha. "Nimekuja na ya kwangu." Esteri aliiweka picha juu ya kaunta, kifudifudi. "Muhuri huu ni wako?"

Hilali hakuugusa. "Unafanana."

Esteri alishusha picha mbili kutoka ukutani, akazigeuza, akazilaza kando ya ile. Alikuwa ameshuku kwamba muhuri ulichongwa kwingine. Lakini herufi H katika zote tatu ilikuwa na mpasuko mahali pale pale. Shuku hiyo aliifuta.

"Ni muhuri wako. Unaugonga lini?"

"Picha ikikauka."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Muhuri wangu hautoki nje ya mlango huu, kila mtu Kasulu anajua."

"Kwa hiyo tarehe ya muhuri ni tarehe ya kusafisha. Si ya kupiga."

"Inaweza kuwa siku moja."

"Inaweza, kwa picha za hapa. Hii ilipigwa Kigoma. Siku gani?"

"Tarehe tatu. Asubuhi."

"Mbona ngazi ni saba?"

Hilali aliinama, akatazama picha kwa mara ya kwanza. "Labda ni gati jingine. Kigoma magati ni mengi."

"Mudathiri ana moja. Jina lake limepakwa rangi pale, juu ya ngazi ya kwanza, nyuma ya mguu wa fundi mitambo. Tuliache hilo. Tarehe tatu ulirudi Kasulu saa ngapi?"

Hilali alimtazama mkewe. Mkasi wa Bi Siti ulikuwa umenyamaza.

"Jioni," alisema Hilali. "Nikasafisha, nikagonga muhuri."

"Ulivuka vipi? Daraja letu la njia ya Kigoma lilichukuliwa na mafuriko tarehe mbili, saa saba mchana. Magari na watu walianza kuvushwa tarehe nne, saa nne asubuhi. Taarifa yake niliiandika mimi."

Hilali alizisogeza kando zile picha mbili za ukutani.

"Chagua, mzee. Kama tarehe tatu ulikuwa Kigoma, muhuri huu haukugongwa tarehe tatu. Kama ulikuwa hapa unagonga muhuri, basi picha haikupigwa Kigoma tarehe tatu. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli. Na leo saa kumi kuna mtu anapandishwa lori akafe, kwa sababu wewe unasema vyote viwili ni kweli."

"Mimi ni mpiga picha tu, binti yangu. Mambo ya malori siyajui."

"Hilali," Bi Siti alisema kutoka mkekani, "sema."

"Nyamaza, mama."

"Nimenyamaza wiki mbili. Usiposema wewe nasema mimi, tena nitasema na yale ya nyumba." Alimgeukia Esteri. "Afande, nimechoka kulala na watu wale chini ya kitanda."

"Watu gani, Bi Siti?"

Bi Siti aliinuka, akajipangusa vipande vya karatasi, akaingia nyuma ya pazia. Alirudi na kopo la biskuti. Ndani, katika bahasha ya kaki, kulikuwa na mkanda wa negativu uliokatwa vipande sita. Juu ya bahasha kwa kalamu ya risasi: *Rehema, 3/5/98.*

Hilali alikaa kwenye stuli. Aliongea akitazama kaunta.

"Nilishuka tarehe mosi, kabla daraja halijakwenda. Tarehe tatu asubuhi niliwapiga. Boti ilipozama nilikuwa bado Kigoma. Nimerudi tarehe nne, tarehe sita Mudathiri huyo hapa. Alitaka picha ya zamani, ya Septemba, ya Ndayiragije akiwa nahodha. Alitaka nisafishe nakala mpya na kuirudisha tarehe ya muhuri nyuma hadi tarehe tatu. Nikafanya. Nyumba hii ni yake, wajukuu wangu wanne wanalala humu. Kisha akataka mkanda wa tarehe tatu niuchome akiona. Nilichoma mkanda mtupu. Picha ya mtu mimi sichomi. Baba yangu hakuchoma hata moja, na mimi sichomi."

"Picha ya mtu huichomi," Esteri alisema. "Mtu mwenyewe je?"

Hilali alikunja vidole, akaficha kucha za kahawia.

"Naam," alisema Bi Siti. "Hilo mjibu."

*

Esteri alivishika vipande kimoja kimoja kwa kingo, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye negativu nyuso zilikuwa nyeusi na maji yalikuwa meupe, lakini idadi ya ngazi haikubadilika kwa hilo. Fremu ya kumi na nne: wanaume watano, kiti kimoja, ngazi mbili.

"Safisha hii na ile ya kumi na saba," alisema. "Kubwa. Nakala mbili mbili. Zikiwa tayari, muhuri wa leo."

Saa tatu na dakika ishirini karatasi zilitoka kwenye chumba cha giza zikichuruzika. Kwenye picha ya kwanza aliyekaa kwenye kiti alikuwa kijana mnene mwenye saa kubwa mkononi na miwani ya jua.

"Huyu ni nani?"

"Dadi," alisema Hilali. "Mdogo wake Mudathiri. Anauza kwenye duka la kaka yake kule Kibondo. Siku ile alisema anataka kuonja usukani."

"Ana leseni?"

"Ana kaka," Bi Siti alisema.

Picha ya pili ilipigwa kutoka gatini ikionyesha boti nzima ubavu. Ubavuni mwa kila boti ya aina ile huchorwa mstari mweupe, na mzigo ukitosha maji huugusa. Katika picha ya Septemba mstari ulikuwa juu ya maji kwa urefu wa mkono. Hapa haukuonekana kabisa. Ulikuwa chini ya maji, na boti bado ilikuwa imefungwa gatini.

Esteri alichukua nakala ya pili, akaigawa kwa penseli katika miraba ishirini na nne, akahesabu vichwa katika kila mraba. Hakuhesabu mabaharia, wala kitu kinachoweza kuwa mzigo. Hakuhesabu mtoto wa mgongoni ila uso wake ulipoonekana. Alijumlisha, akarudia.

"Mia moja na nne," alisema.

Koplo Moses, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia. "Afande, Mudathiri aliandikisha thelathini na wanane."

"Thelathini na mmoja tukawazika, saba wakaokolewa wakatoweka kabla ya kuhojiwa, hesabu yake ikatimia, kila mtu akaenda kunywa chai." Alichora mstari chini ya jumla kwa nguvu hadi penseli ikatoboa karatasi. "Wamebaki sitini na sita. Wiki mbili, Moses. Hakuna ndugu hata mmoja aliyekuja kuripoti. Kwa nini?"

"Ni watu wa kambini, Afande. Nduta, Mtendeli. Wametoka bila kibali. Ndugu akija kuripoti, yeye ndiye atakamatwa kwanza."

"Na Mudathiri anajua hivyo."

"Ndiyo maana aliwapakia."

Nje pikipiki ilizima. Esteri aliingiza picha nne na bahasha ndani ya jalada, akalifunga, akafungua ukurasa mtupu wa daftari la maelezo. Mudathiri aliingia akitabasamu, mtu mrefu mwenye kofia iliyotariziwa na harufu ya udi.

"Nimeona gari la serikali nikasema huyu ni mama Afande wetu. Hujambo, mama? Mzee Hilali anakupiga picha ya harusi?"

"Sijambo, Bwana Mudathiri. Umenirahisishia safari. Nafunga jalada, nilihitaji sahihi yako kwenye maelezo mafupi."

"Ukifunga nasaini hata mara kumi."

"Mara moja inatosha. Tarehe tatu Mei nahodha wa Mv. Rehema alikuwa nani?"

"Ndayiragije. Mnayo picha."

"Alikuwa nahodha wako tangu lini hadi lini?"

"Mwaka wa tatu huu, mpaka siku aliyoniulia watu. Unamwokota mtu hana kwao, unampa usukani, anakulipa hivyo. Hawa watu, mama, huruma yetu ndiyo inayotuponza."

Esteri aliandika neno kwa neno. "Abiria?"

"Thelathini na wanane. Orodha nimeileta."

"Ndugu yako Dadi siku hiyo alikuwa wapi?"

Mudathiri alimtazama Hilali. Hilali alikuwa akifuta lenzi ya kamera kwa ncha ya shati.

"Dukani, Kibondo. Kwani Dadi anahusikaje? Yule hata kuogelea hajui."

"Ni swali la kawaida. Soma, kisha weka sahihi hapa, na hapa chini ya jibu la mwisho."

Alisoma, akasaini mara mbili, sahihi ndefu yenye mkia. "Sasa yule muuaji anakwenda kwao?"

"Hilo linashughulikiwa," Esteri alisema. Pikipiki ilipoondoka alimkabidhi Bi Siti karatasi iliyokunjwa ampelekee Mrakibu Bazilio mkononi. Ilikuwa na mistari miwili na nakala ya picha ya kumi na saba. Mstari wa kwanza ulisema Mudathiri asiruhusiwe kutoka Kasulu. Wa pili ulisema, *Hesabu mwenyewe.*

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano.

*

Barabara ya Kibondo ilikuwa imeliwa na mvua pande zote mbili, na katikati malori ya chakula cha kambini yalikuwa yamechimba mifereji ya kina cha goti. Walikwama mara mbili. Mara ya pili walisukumwa na wanawake sita waliokuwa wakitoka shamba, na Moses akawashukuru kwa Kiha mpaka mmoja akamwambia aache maneno, akanyage mafuta.

"Afande," alisema Moses walipotoka, "wakisema lori limeshaondoka?"

"Tutalifuata."

"Likiwa limevuka?"

"Moses, endesha."

Saa tisa na dakika thelathini na tano waliingia kituoni Kibondo. Lori lilikuwa uani, turubai likiwa wazi nyuma. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wameshapanda. Chini ya ukuta wa kituo alikaa mwanamke mwenye bakuli lililofungwa kitambaa.

"Madamu," alisema mwanamke alipomwona Esteri na sare yake, "mimi ni Jeanne, mke wa Ndayiragije. Siku tisa nakuja, chakula kinarudi. Mwambieni mkubwa anipokee bakuli tu."

"Mume wako tarehe tatu Mei alikuwa wapi?"

"Kambini, madamu. Tangu Desemba. Askari walimtoa gatini, wakamleta Nduta na wakimbizi wengine wote waliokamatwa mjini. Nimesema. Wanasema wewe ni mke, utasemaje kingine?"

"Kaa hapa. Usiondoke."

Mkuu wa kituo, Mkaguzi Gharibu, alikuwa mezani akikamilisha orodha ya lori. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye kujali ratiba.

"Afande Esteri. Umekuja kumuaga?"

"Nimekuja kumchukua Ndayiragije. Ni shahidi wa Jamhuri."

"Ni mshtakiwa wako."

"Alikuwa. Nionyeshe amri ya kumwondoa nchini."

Gharibu alitoa karatasi ile ile ya mistari mitatu.

"Namba ya kumbukumbu ni ipi?" Esteri aliuliza.

Gharibu aliitazama juu, akaitazama chini. "Haipo."

"Aliyesaini ana cheo gani?"

"Hakuandika."

"Umemwandika kwenye daftari lako la mahabusu kwa namba ya jalada langu. Leo saa kumi kasoro unamtoa kwa barua ambayo hata wewe hujui imetoka ofisi gani. Akifa kesho, kwenye daftari linabaki jina la nani?"

"Dada, usinipandishie sauti kituoni kwangu."

"Sijapandisha. Nitapandisha sasa." Aliweka picha ya kumi na nne mezani. "Aliyekaa kwenye kiti ni nani?"

Gharibu alivuta picha karibu.

"Huyu si Dadi wa dukani?"

"Unamfahamu?"

"Asubuhi ya leo ameniuzia sukari." Aligeuza picha, akaona muhuri wa siku ile. "Imepigwa lini?"

"Asubuhi ya tarehe tatu Mei. Mkanda ninao, na mpiga picha atakuja kuusemea. Haya hapa maelezo ya Mudathiri, amesaini leo saa nne, kwamba Dadi alikuwa huku kwako Kibondo. Alikuwa?"

"Tarehe mbili, tatu, nne duka lilifungwa." Gharibu alisema polepole, kama mtu anayejisomea. "Nilituma mtu sabuni, akarudi bure. Dadi aliporudi alikuwa anakohoa. Akasema ni malaria."

Esteri aliweka picha ya kumi na saba juu ya ile. Gharibu alitazama sitaha iliyojaa, vichwa katika miraba ya penseli, tarakimu zilizoandikwa kwenye kila mraba.

"Jumla?" aliuliza.

"Mia moja na nne. Thelathini na wanane tuliambiwa sisi. Sitini na sita hawakuwahi kuandikwa na mtu yeyote, popote, na wewe na mimi tulikuwa tunaelekea kumfukuza mtu pekee anayeweza kutuambia ni akina nani."

Saa tisa na dakika hamsini na mbili Gharibu alivuta daftari, akakata jina la saba kwenye orodha ya lori kwa rula na wino mwekundu, akaandika ubavuni: *Shahidi. Haondoki.* Aliweka namba yake ya kazi, na jina lake lote kwa herufi kubwa.

"Hivi ndivyo watu wanavyosaini," alisema, akainuka na kuchukua kofia. "Dadi nakwenda kumchukua mwenyewe."

*

Ndayiragije alitolewa bila viatu. Alikuwa amekonda kuliko kwenye picha ya Septemba. Aliliona lori kupitia dirishani, akasimama.

"Siendi nalo?"

"Huendi," Esteri alisema. "Kaa. Si kiti cha mshtakiwa hiki. Nataka maelezo yako upya, kama shahidi. Tarehe tatu nahodha alikuwa Dadi. Hilo tunalo. Nataka hili." Alimwekea picha ya kumi na saba mbele yake na lenzi juu yake. "Unawafahamu?"

Ndayiragije aliinamia picha. Nje dereva wa lori alipiga honi mara moja.

"Walikuja kuniuliza," alisema. "Nduta wanajua nilikuwa nahodha. Waliniuliza boti ni nzima? Nikasema boti ni nzima, anayeishika siyo mzima. Msiende. Wakasema nahodha wewe unakula mahindi ya kambi, unatuonea wivu sisi tunaorudi."

"Unaweza kuwataja?"

Ndayiragije aliisogeza lenzi kando. Kisha akauliza, "Nikiwataja, wake zao watanyang'anywa kadi za chakula? Walitoka bila karatasi."

"Nitakachoandika ni kwamba walipakiwa na kwamba walikufa. Siandiki jinsi walivyotoka kambini, kwa sababu sikukuuliza."

"Na mkubwa wako akikuuliza?"

"Atanikuta na majina, na boti, na watu wawili wa kushtakiwa. Akitaka kuwashtaki waliozama, aandike barua. Na aweke cheo chake."

Ndayiragije aligeukia mlango. Jeanne alikuwa amesimama kizingitini na bakuli lake. Walizungumza kwa Kirundi, maneno machache. Jeanne alisema, "Ego," yaani ndiyo, akaingia, akaweka bakuli mezani, akainama naye juu ya picha.

Saa kumi na dakika tano lori liliondoka kwenda mpakani na watu kumi na mmoja.

Saa kumi na dakika tisa Ndayiragije aliweka kidole kwenye mraba wa tatu, kwa mwanamume mwenye redio begani. "Ndayikunda. Fundi baiskeli."

Esteri aliandika.

"Huyu ni mke wake," alisema Jeanne. "Immakulata. Na huyu aliyeficha uso ni mama wa mke. Jina la mama nitaliuliza."

Esteri aliacha mstari mtupu, akaendelea.

Saa kumi na dakika hamsini Gharibu alirudi na Dadi, pingu mikononi, saa kubwa bado mkononi. Alimpitisha mbele ya meza bila kusimama, akamfungia katika chumba alichotoka Ndayiragije. Kisha alirudi, akavuta stuli, akashika upande wa pili wa picha ili isijikunje.

Saa moja kasoro dakika tano mwanga wa dirisha haukutosha tena kuona nyuso. Majina yaliyoandikwa yalikuwa thelathini na tisa, moja zaidi ya yale aliyoandikisha Mudathiri.